Kocha Lubinga Amepumzika

Jumapili, 31 Julai

Tumefungwa tena. Mbili bila. Na Radi! Radi ambao juzi juzi tu walikuwa wanacheza pekupeku.

Nilikaa pangu pa siku zote, juu ya ukuta wa matofali, nyuma ya benchi la Mamba, timu yetu, upande wa kushoto wa Muzee Lubinga. Miaka kumi na tisa yeye ni kocha wa Mamba. Miaka kumi na tisa mimi niko nyuma yake hatua kumi, namwambia la kufanya. Hageuki. Hajageuka hata siku moja. Lakini anasikia. Mara ngapi nimepiga kelele, toa huyu, ingiza yule, na kabla sijameza mate Muzee kanyosha kidole na mtu anatoka? Watu wa ukutani wananiita kocha wa pili. Sijawahi kukataa.

Leo alitia pamba masikioni. Kalume, beki wetu, alianza kuchechemea kipindi cha kwanza. Nikasema, mtoe. Nikapaza sauti, Muzee, mtoe Kalume! Mara tano, mara sita. Kasimama tu, mikono nyuma, kama anangoja gari-moshi. Goli la pili likapita pale pale kwa Kalume, na Kalume mwenyewe akaanguka. Goti limegeuka. Wamembeba juu ya ubao.

Hasira ikanipanda. Wenzangu wa ukutani walikuwa wamemkimbilia Kalume; nikasimama peke yangu juu ya ukuta, nikasema kwa sauti yangu yote: "Muzee, umechoka! Nenda ukapumzike!"

Wakati ule ule ngoma ilikuwa imenyamaza. Uwanja mzima ulisikia.

Sijala. Mke wangu ameniuliza nani amekufa.

Jumatatu, 1 Agosti

Kazini, gare, stesheni ya gari-moshi. Foni, redio yetu ya kuitana na stesheni nyingine, inakwaruza tangu asubuhi. Kiangazi hiki vumbi linaingia mpaka ndani ya nyaya. Nimeita Kabalo mara nane ndipo wakajibu. Behewa la mihogo limekwama Niemba. Nimepokea, nimeandika, nimepeleka kwa mkubwa. Akili haipo.

Kupumzika. Nikiambiwa mimi, ni neno la usingizi wa mchana. Akiambiwa mtu wa umri wa Muzee, ni neno la kaburi. Nani hapa Kalemie asiyejua? Tukirudi kuzika tunasema mzee amepumzika. Na mimi nimemwambia mtu mzima, mbele ya vijana wake, aende akapumzike. Kifaransa kina neno lake la kuacha kazi kwa umri, retreti, neno safi la biro, la ofisini. Sikulikumbuka. Hasira yangu haijui Kifaransa.

Labda hakusikia, kwa makelele. Lakini makelele hayakuwepo. Ndiyo shida.

Jumanne, 2 Agosti

Ameacha.

Kitungwa ndiye aliyeniletea habari. Mpiga ngoma wetu, pande la mtu, mikono kama mapipa. Aliingia katika biro yangu bila kubisha, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Jioni baada ya mazoezi Muzee aliwakusanya wachezaji akawaambia: "Watoto, miye nimechoka. Ninaenda kupumzika." Akachukua filimbi yake, akaenda nyumbani.

Nimechoka. Kupumzika. Ni maneno yangu yale yale, hakubadili hata moja.

Nilijifanya kurekebisha foni ili nisimtazame Kitungwa usoni.

Jumatano, 3 Agosti

Mji umechachamaa. Asubuhi sokoni wanawake wanaouza ndagala, wale samaki wadogo, hawakupanga hata mafungu, wanabishana tu. Mmoja anasema Muzee amelogwa. Mwingine anasema aachwe, amewapa watu raha inatosha. Akatukanwa mpaka akafunga meza. Mafundi wa kiwanda cha pamba wanasema hawatakanyaga uwanjani tena. Hata watu wa Radi wamenuna. Mmoja aliniambia sasa wataburudika wakimfunga nani?

Kila mtu ana hadithi yake. Huyu Muzee alimfundisha kupiga penalti. Yule Muzee alimtoa jela kwa ajili ya nusu fainali. Nilisimama pale na kapu langu, mwili wote unawasha.

Na wote wanauliza jambo moja: ni nani alisema lile neno?

Kitungwa ameapa. Akimpata, anamtupa mtoni Lukuga pale maji yanapotoka ziwani, aende akapumzike yeye. Kitungwa hakuona chochote siku ile. Ngozi ya ngoma ilikuwa imelegea, naye alikuwa nyuma ya ukuta anaipasha kwenye moto wa makaratasi. Akanishika bega mbele ya watu wote. Papa Ramazani, wewe ulikuwa pale juu, sauti ilitoka wapi?

Nikasema ilitoka upande wa Radi.

Astaghafirullahi. Imetoka yenyewe. Nilikuwa nimefungua kinywa ili niseme kweli.

Alhamisi, 4 Agosti

Wamepigana kwenye feri ya Lukuga. Muuza ndagala mmoja, mtu wa Radi, amepasuliwa mdomo, na baiskeli yake imekunjwa. Kwa neno langu la jana.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa, angalau karatasi ijue.

Ijumaa, 5 Agosti

Baada ya sala nilipita kwa Muzee. Nilipitia njia ndefu, kama mtu mwenye shughuli zake. Alikuwa barazani anashona mpira kwa sindano kubwa, ubavu wake wa kushoto umeelekea barabarani. Nikasimama. Nikasema: "Hodi, Muzee. Habari za leo?"

Akaendelea kushona.

Nikarudia. Akavuta uzi, akaukata kwa meno. Hata jicho hakuinua.

Basi anajua. Anajua ni mimi, na amenifuta. Niliondoka mbiombio na uso umenishuka. Ningemstahi zaidi kama angenitukana.

Jumapili, 7 Agosti

Hakuna mechi. Sijui la kufanya na Jumapili. Nimepanga misumari ndani ya kopo, mikubwa chini, midogo juu. Kisha nikaipangua.

Wanawake wa soko walikwenda kwake na nyimbo, wakapiga magoti uani. Amekataa. Wachezaji walikwenda. Amekataa. Prezidenti wa timu alikwenda amevaa abakosti mpya, na Kifaransa kingi. Amekataa, na eti alimwambia arudie kila sentensi mara mbili. Watu wanasema Muzee amekuwa na kiburi. Mimi najua si kiburi. Ni kidonda, na mkuki ni wangu.

Kamati imeamua: Jumapili ijayo, mechi ya kumuaga, Mamba na Radi. Waitwe watu wa Kabalo. Huko ndiko kwao, dada yake yuko huko, na nusu ya mashabiki wetu wa zamani. Wamenipa mimi kazi ya kupeleka ujumbe kwa foni. Walisema, Papa Ramazani, wewe ndiye unayempenda Muzee kuliko sisi wote.

Niliitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 8 Agosti

Ujumbe wa kamati ulikuwa ukurasa mzima. Kocha wetu mpenzi, baada ya miaka kumi na tisa ya mupira, amepumzika kazi, na kadhalika na kadhalika. Nani atasoma yote hayo katika foni inayokwaruza hivi? Neno moja unalirudia mara tatu ndipo linafika. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii, ninajua kukata. Nimekata hapa, nimekata pale, nimebakiza nyama tupu:

KOCHA LUBINGA AMEPUMZIKA. KUJENI WOTE JUMAPILI KUMUAGA.

Umefika mara ya kwanza, safi kabisa. Opereta wa Kabalo aliusoma tena kwa sauti. Kisha akauliza lini. Nikamwambia Jumanne, jioni. Akasema pole sana, ndugu yangu, poleni wote wa Kalemie, mutu mukubwa yule. Sauti yake ilikuwa imekatika. Nilifarijika kidogo. Watu wa Kabalo wana utu, na mpira wanaujua.

Jumatano, 10 Agosti

Mama Zaina, mke wangu, amejua. Nilikuwa nakunywa chai, yeye anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa. "Papa Zaina, ile sauti njo yako."

Nikasema sauti gani.

"Miye nilikuwa jikoni. Niliisikia toka jikoni." Kutoka uwanjani mpaka kwetu ni mwendo wa robo saa. "Niliolewa na sauti hii. Unafikiri siijui?"

Sikukana. Nilichoka kukana. Nikamweleza yote, na ya Radi pia, na ya yule wa baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mchele una mawe mengi mwaka huu. Kisha akasema niende kwa Muzee leo, si kesho.

Nilikwenda. Nilifika kwenye lango. Nikahesabu mbao za lango, ni kumi na moja. Nikarudi.

Alhamisi, 11 Agosti

Nilikwenda tena. Nikarudi tena. Mama Zaina hasemi nami. Chakula ananiletea, anakiweka, anaondoka.

Ninachotaka ni kidogo tu. Anitazame, aseme si wewe, Ramazani, hukunifukuza wewe. Na kama ni mimi, aseme ni mimi. Lakini aseme. Kukaa hivi siwezi. Leo nimeandika majina ya stesheni zote vibaya kwenye daftari, mkubwa amenigombeza mbele ya wapagazi.

Jumamosi, 13 Agosti

Ya leo hayaandikiki. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya usafi. Tulifagia njia ya gare sote, kwa ajili ya wageni. Gari-moshi la saa mbili lilifika saa tisa alasiri. Umati ulikuwa bado upo. Kitungwa na ngoma yake. Muzee mwenyewe mbele kabisa, kanyoa ndevu, anangoja kumpokea dada yake.

Hata kabla gari halijasimama tulisikia sauti. Nikadhani ni nyimbo za Mamba. Kumbe ni vilio.

Wakashuka. Wanawake wamefunga vitenge kiunoni, pekupeku, vichwa havina vilemba. Wanaume hawana viatu. Magunia ya unga wa mihogo. Mbuzi. Mama Numbi, dada mkubwa wa Muzee, ameshikwa huku na huku, hawezi kusimama, anaita: "Yoo, ndugu yangu! Lubinga wee, umeniachia nani?"

Na Lubinga yuko mbele yake, mkono juu, anawapungia.

Mama mmoja alirudi ndani ya gari kwa kupitia dirishani. Mbuzi aliachiwa kamba. Mama Numbi alitazama, akatazama tena. Akajivuta mpaka kwa ndugu yake. Akamshika uso, akambonyeza mashavu, akamvuta sikio. Halafu akamzaba kofi. La pili. "Miye nimelia siku tano!" Kisha akamkumbatia, na hapo hapo akazimia.

Tulimlaza kwenye benchi. Dakika kumi nzima hakufumbua macho. Zile dakika sitazisahau. Nilijiambia, Ramazani, umemfukuza kaka, sasa umemuua na dada. Mama Zaina ndiye aliyemwagia maji na kumpepea kwa kanga yake. Alipofumbua macho nililia, na sioni haya kuandika.

Kitungwa akanguruma, nani aliwaambia Muzee amekufa? Mtu wa Kabalo akatoa karatasi mfukoni. Kitungwa akaisoma kwa sauti. Kocha Lubinga amepumzika. Kujeni wote Jumapili kumuaga.

Neno moja tu. Kazi. Amepumzika kazi. Nililikata ili lisikwaruze.

Wote wakanigeukia. Wengine walianza kucheka. Kitungwa hakucheka. Akasema taratibu: "Papa Ramazani, neno hili weye unalipenda sana."

Mjinga si yeye.

Wazee walitaka kurudisha unga na mbuzi kwa gari la kesho. Mama Numbi akakataa, kakaa kitako palepale kwenye benchi. Chakula kikishatoka nyumbani kwa ajili ya kilio hakirudi. Kikirudi kitatafuta mtu wa kufa kweli. Basi kesho kabla ya mechi kilio kitapikwa, na marehemu atakula wa kwanza.

Muzee alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi hakunitazama.

Jumapili, 14 Agosti

Yameisha. Sijui nianzie wapi.

Ua wa Muzee ulijaa mpaka barabarani. Mikeka, sufuria, bukari, ugali wa mihogo, kama vichuguu, mbuzi kwa pilipili. Muzee kawekwa katikati kwenye kiti. Mama Numbi akasema kilio kitafanyika chote, hakirukwi kitu, asije mtu akasema kilikuwa cha uongo. Kwa hiyo tulimsifu marehemu naye yuko pale anatafuna. Golikipa wa zamani alisimulia jinsi Muzee alivyomfunga kamba mlingotini ili ajifunze kutotoka golini. Mama wa soko alisema Muzee ndiye mwanaume pekee wa Kalemie aliyemwamkia kila asubuhi. Watu walicheka na kulia pamoja. Prezidenti alisema Kifaransa tena.

Kisha Mama Numbi akasimama. Sasa, alisema, kama kuna aliyemkosea marehemu, aseme hapa, kabla ya kunawa mikono. Baada ya hapo imepita.

Mama Zaina alikuwa upande wa wanawake. Hakunitazama, alitazama mikono yake. Kitungwa alinitazama.

Nikasimama.

Miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya Muzee, upande wa kushoto, pale nilipozoea. Nikasema. Nilisema yote. Kwamba ni mimi niliyesimama juu ya ukuta. Kwamba nilimwambia aende akapumzike. Kwamba nilisingizia Radi, na mtu akapasuliwa mdomo kwa ajili yangu. Kwamba siku ya tatu lilipotoka kinywani mwake neno langu mwenyewe, nilijua nimemfukuza, na tangu hapo silali wala sili. Nilisema Muzee, nipige, nifukuze, lakini usininyamazie.

Ua ulilipuka. Mtu alinishika shati. Kitungwa alikuwa amesimama, anakunja mikono ya shati.

Na Muzee? Muzee alikuwa anatoa uboho kwenye mfupa kwa kijiti. Hakugeuka. Vile vile kama siku zote. Nikaona giza. Nikajua sitasamehewa.

Ndipo Mama Numbi akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwonyesha mgeni choo kilipo: "Unasema na nani weye? Pita upande ule. Hilo sikio lilikufa zamani."

Nikasema nini.

"La kushoto. Sindano za kinini. Mwaka wa pili tu alipokuja huku, malaria ilipotaka kumubeba. Hamujui? Kalemie nzima hamujui?"

Hatukujua. Hakuna aliyejua. Miaka kumi na saba.

Muzee aliona watu wote wanatazama nyuma yake, akageuka. Akaniona. Akauliza, kuna nini? Nikazunguka upande wa kulia. Nikainama. Nikasema yote tena, mara hii kwa sauti ndogo, karibu na sikio lake. Alisikiliza kwa makini, kijiti mkononi. Nilipomaliza alinitazama sana, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Njo weye wa ukutani," akasema. "Ulikuwa unasema na miye? Siku zote zile?"

Nikasema ndiyo.

"Nilikuwa naona kinywa chako. Nilifikiri unaimba."

Wallahi, ua mzima ulianguka. Kitungwa alicheka mpaka akakaa chini. Prezidenti alimwaga maji ya kunawa. Mama Zaina alifunika uso kwa kanga, mabega yanamruka. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini?

Walipotulia Muzee alieleza, naye alieleza kwa ufupi. Siku ile Kalume alimwita mara tatu kutoka kushoto. Kocha, goti. Kocha, goti. Hakusikia. Aliambiwa baadaye, Jumatatu, na Kalume mwenyewe kitandani. Na la kulia nalo limeanza kwenda. Kocha asiyesikia kijana wake akilia, anafanya nini pale? Basi amechoka, anapumzika. Neno ni hilo, aliuliza, kuna lingine?

Hakuna aliyecheka sasa. Tulinawa, tukala.

Mechi ilitoka sare, moja kwa moja. Sikupiga kelele hata mara moja. Koo lilikuwa zima, sikuwa na hamu.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimekwenda kwa yule muuza ndagala wa Radi. Nimemwomba radhi. Alinisikiliza, mdomo umevimba bado, akafunga mlango. Ana haki. Fundi wa gare ameahidi kunyosha gurudumu la baiskeli, mimi nitaipeleka mwenyewe.

Kitungwa amepita kazini. Amesema hanitupi, maji ni baridi mwezi huu. Kisha akaniimbia, kinywa wazi bila sauti. Watu wa gare wote wamejua sasa. Wananiita Mwimbaji.

Sina hatia. Nililotaka nimelipata, Muzee amenitazama na amesema. Ningefurahi. Lakini nimekaa hapa na kitu kimenikaa kifuani. Miaka kumi na tisa. Toa huyu, ingiza yule. Kila mtu aliyetoka, alimtoa yeye, kwa macho yake, kwa akili yake. Mimi sikumtoa mtu. Hata kumuudhi sikumuudhi. Nilikuwa kinywa kinachofunguka na kufunga juu ya ukuta.

Afadhali ningekuwa na hatia. Nimeliandika, nimelisoma, na sitalifuta.

Alhamisi, 18 Agosti

Mama Numbi amerudi Kabalo. Nilimbebea mzigo mpaka ndani ya gari. Aliniambia ujumbe mwingine nisikate.

Nimelala vizuri kidogo.

Jumapili, 28 Agosti

Mechi ya kwanza ya kocha mpya. Kijana kutoka Lubumbashi, ana saa mbili, moja ya mkononi na moja ya shingoni. Mama Zaina aliniambia niende tu, nisimkalie nyumbani namhesabia sufuria. Nikaenda. Nikapanda ukutani. Mtu mmoja alipiga kelele, na kocha mpya akageuka kumtazama. Nikafunga kinywa.

Dakika ishirini hivi, nikasikia watu wanasogea. Ni Muzee Lubinga, na fimbo, na kofia ya majani. Kitungwa alimsukuma kutoka chini, mimi nikamvuta mkono. Hakuketi mahali nilipomwonyesha. Aliniambia nisogee kulia, akakaa upande wangu wa kushoto. Akajipanga vizuri, akanielekezea sikio la kulia.

Tulitazama kidogo. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Akasema: "Haya. Ulikuwa unasemaka nini?"

Nilitazama uwanjani. Kisha nikamwambia, polepole, kwamba winga wetu anakata ndani mapema mno.

Alimtazama winga. Mpira ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena. Akasema ndiyo, mapema mno.

Halafu akauliza, na yule wa kati, namuonaje.